Tamaa, Kuua na Kisasi: Maneno ya Tanzia katika Tafsiri na katika Sheria

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi aghalabu tunaulizwa swali moja kwa sura nyingi: neno hili la kigeni tuliiteje kwa Kiswahili? Swali hilo lina dhana ndani yake, nayo ni kwamba kila neno la kigeni lina mwenzake mmoja anayelingoja katika lugha yetu, na kwamba mwenzake huyo asipopatikana, upungufu ni wa lugha yetu. Makusudi ya makala haya ni kuichunguza dhana hiyo kwa kuyafuata maneno matatu tu: tamaa, kuua na kisasi.

Tumeyachagua maneno haya kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo yanayobeba tanzia mbili za Shakespeare zilizotafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya mwanzo ya uhuru wetu. Pili, maneno hayo hayo hutumika kila siku darasani, ofisini na mahakamani. Katika tamthilia neno likikosewa, msomaji hupoteza ladha. Mahakamani likikosewa, mtu aweza kupoteza uhai wake. Yafaa basi tuone mfasiri wa fasihi na mfasiri wa sheria wanaweza kufundishana nini.

Tafsiri mbili na wakati wake

Mwaka 1963 Oxford University Press ilichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ihusuyo kuuawa kwa Julius Caesar. Mfasiri wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo ikatoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Baina ya hizo, mwaka 1968, Tanzania Publishing House ilitoa Makbeth, iliyofasiriwa na S. S. Mushi, ambaye mwaka uliofuata alitoa pia Tufani.

Ikumbukwe kwamba Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tafsiri ya kwanza ya Mwalimu ilitangulia Baraza kwa miaka minne; hapakuwa na chombo cha taifa cha kumwambia mfasiri atumie neno gani. Alichokuwa nacho ni lugha yenyewe, na azma ya kuonyesha kwamba lugha hiyo yaweza kuubeba mzigo uliodhaniwa kuwa ni wa lugha za Ulaya peke yake.

Mahali nako kuna lake la kutufundisha. Ukitoka katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, ukaupita uwanja wa ndege, unafika Ukonga, na mbele yake ni Pugu. Huko Pugu, katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Mwalimu alifundisha baada ya kutoka Edinburgh mwaka 1952, hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Njia ya kutoka Pugu kuja mjini, kwenye shughuli za TAA na baadaye za TANU iliyoundwa Julai 7, 1954, ilipita hapo hapo Ukonga. Na Ukonga ndiko liliko gereza linalojulikana nchi nzima. Kwa hiyo katika barabara moja tunakuta darasa la mfasiri wa tanzia na kuta za gereza ambamo maneno ya tanzia si maneno ya jukwaani. Tutarudi kwenye jambo hili tutakapofika kwenye neno kuua.

Wala yaliyosimuliwa katika tamthilia hizo hayakuwa mambo ya mbali. Mwezi Januari 1963 Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na askari; Januari 1964 askari wa Tanganyika wenyewe waliasi; na Aprili 7, 1972 Sheikh Abeid Amani Karume, Makamu wa Kwanza wa Rais, aliuawa Unguja. Msomaji wa Kiswahili aliyezifungua tafsiri hizo hakuhitaji kuelezwa kwamba mtawala aweza kuuawa. Alichohitaji ni maneno ya kulitafakari jambo hilo.

Kwa upande wa asili ya visa, Caesar alichomwa visu Machi 15, mwaka 44 kabla ya Kristo, naye Brutus akafa huko Filipi mwaka 42 kabla ya Kristo. Macbeth naye alikuwapo kweli: alitawala Uskoti tangu 1040 hadi 1057. Lakini Duncan wa historia hakuwa mzee aliyechinjwa usingizini akiwa mgeni. Alikufa katika mapigano. Shakespeare, alipoandika yapata mwaka 1606, alifuata tarehe za Holinshed na kuchanganya humo kisa cha mfalme mwingine, Duff, aliyeuawa kitandani. Yaani mtunzi mwenyewe alikuwa mfasiri wa aina yake: alichukua kisa cha watu wengine akakipa umbo jipya kwa ajili ya watu wake.

Tamaa

Neno la Kiingereza ambalo Brutus analitumia kumshitaki Caesar lina asili ya Kilatini, ambitio, nalo limetokana na kitenzi chenye maana ya kuzunguka. Katika Rumi ya kale, mgombea cheo alizunguka mjini akisalimia watu na kuwaomba kura. Warumi walikuwa hata na sheria dhidi ya mzunguko huo ulipoingiwa na hongo. Basi kwa asili yake neno hili halikutaja hali ya moyo; lilitaja miguu ya mgombea. Baadaye likahamia moyoni, likawa ovu, na katika karne za karibuni likaanza kusifiwa, hata mwanafunzi asiyekuwa nalo akahesabiwa kuwa mvivu.

Kiswahili hakikupita njia hiyo. Tamaa limetoka katika Kiarabu likiwa tayari na maana ya kutamani kisicho chako, na methali imelihukumu kwa maneno manne: tamaa mbele, mauti nyuma. Pembeni yake yako maneno mengine: uchu, uroho wa madaraka, kujikweza, kupenda makuu. Upande wa wema tuna ari, azma, shauku, nia ya kusonga mbele. Hatuna neno moja linalokaa katikati, likingoja muktadha uliambie liwe zuri au baya.

Je, huu ni upungufu? Tuupime kwa tamthilia yenyewe. Mark Antony, akimtetea Caesar mbele ya umati, hutoa hoja tatu: kwamba fidia za mateka Caesar alizitia katika hazina ya umma, kwamba maskini walipolia naye alilia, na kwamba alitunukiwa taji mara tatu akalikataa. Mfasiri akimshitaki Caesar kwa tamaa, hoja ya kwanza ndiyo inayopiga kwa nguvu, kwani mwenye tamaa hatii mali katika hazina ya watu. Akimshitaki kwa kujikweza, hoja ya pili ndiyo inayojibu, maana anayejikweza hawalilii wanyonge. Akimshitaki kwa uchu wa madaraka, ni hoja ya tatu tu inayohusika. Neno moja la Kiingereza limezifunika hoja zote tatu; Kiswahili kinamlazimu mfasiri aseme Brutus anamshitaki Caesar kwa kosa gani hasa. Na hilo ndilo swali ambalo umati ule ulipaswa kuliuliza.

Katika Makbeth mtihani ni mwingine. Mke wa Macbeth analalamika kwamba mumewe anautaka ukubwa, lakini hana uovu unaopasa kufuatana na kuutaka huko. Kinywani mwake basi hali hiyo ni sifa, na uovu ni kitu cha pili. Mfasiri akiweka tamaa hapo, ameutia uovu kabla ya mwanamke huyu kuuomba, na malalamiko yake yanakuwa hayana maana. Pale panadai neno ambalo mke aweza kumsifia mumewe: hamu ya ukuu, au shauku ya kupanda. Hapo baadaye, damu ikisha kumwagika, ndipo neno tamaa linapostahili.

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Katika kisa cha Fumo Liyongo, kijana anaahidiwa binti wa mtawala iwapo atamwua baba yake, naye anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Kijana huyo hatukuzoea kumwita mwenye shauku wala mwenye azma. Lugha yetu ilikuwa imekwisha kumpa jina lake karne nyingi kabla Macbeth hajafika pwani hii.

Mtumishi wa serikali naye anakutana na neno lile lile la kigeni, ila limevaa nguo za ofisini. Mpango wa maendeleo unaosifiwa kwa ukubwa wa malengo yake huitwa kwa Kiswahili mpango kabambe, na hilo limekubalika. Fomu inayomwuliza mwanafunzi anataka kuwa nani baadaye huuliza malengo yake au matarajio yake. Hapana mwalimu atakayemwuliza mtoto tamaa yake. Maneno hayo yote ni sahihi, kila moja mahali pake, na kuyafuta ili pabaki istilahi moja kungekuwa hasara.

Kuua

Katika neno la pili mambo yamegeuka. Hapa Kiingereza ndicho chenye maneno mengi: moja la kuua kwa dhamira ovu, jingine la kuua pasipo dhamira hiyo, jingine la kumwua mtawala au mkubwa kwa hila. Hili la mwisho lina asili ya Kiarabu, na Makbeth ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya Kiingereza yaliyolitumia. Tulitaje basi kwa faida ya wale wanaodhani kwamba kukopa ni aibu ya Kiswahili peke yake. Sisi tuna kitenzi kimoja, kuua, kinachotumika kwa mtu, kwa nyoka na kwa mbu. Maelezo huja nyuma yake.

Mfasiri wa tamthilia hana haja ya kulilia msamiati huo. Macbeth na mkewe, kabla ya usiku ule na baada yake, wanaepa kulitaja tendo lao kwa jina. Wanaliita jambo, kazi, shughuli. Kuepa huko ndiko kunakoonyesha hofu yao. Mfasiri anayeandika mauaji pale ambapo wauaji wenyewe wanasema jambo amewaumbua kabla ya wakati. Kiswahili kina hazina kubwa ya kusema kwa mafumbo, nacho chatosha.

Mfasiri wa sheria ana kazi iliyo kinyume kabisa: haruhusiwi kuficha. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha makosa mawili katika vifungu vya 195 na 196, ambayo kwa Kiswahili cha mahakamani huitwa kuua bila kukusudia na kuua kwa kukusudia. Adhabu iliyoandikwa kwa kosa la pili katika kifungu cha 197 ni kifo. Kwa kosa la kwanza ni kifungo kinachoweza kufika cha maisha. Baina ya mfungwa mmoja na mwingine katika Gereza la Ukonga, tofauti hiyo si ya istilahi. Ni tofauti ya kuhesabu miaka na kukingoja kitanzi.

Sasa tulitazame neno kukusudia kwa makini. Kifungu cha 200 kinaeleza dhamira ovu, nayo haiishii kwenye nia ya kuua. Imo pia nia ya kutia madhara makubwa mwilini, na kufahamu kwamba tendo linaelekea kusababisha kifo hata kama mtendaji hakujali. Mtu aliyempiga mwenziwe shoka akitaka kumlemaza tu, mwenziwe akafa, atasema kwa Kiswahili safi kwamba hakukusudia kuua. Naye atakuwa anasema kweli. Hata hivyo, mbele ya sheria aweza kuwa ameua kwa kukusudia. Kwa upande mwingine, kifungu cha 201 kinahusu mtu aliyeua katika ghadhabu baada ya kughadhibishwa kwa ghafla. Huyo huenda alitaka kabisa mwenziwe afe wakati ule. Lakini kosa lake laitwa kuua bila kukusudia.

Ni dhahiri basi kwamba istilahi yetu inateleza pande zote mbili: inamwita mwenye kukusudia yule ambaye hakukusudia kuua, na inamwita asiyekusudia yule ambaye alikusudia. Wakili anajua, na hakimu anajua. Mshitakiwa, ambaye lugha hiyo ndiyo yake, ndiye asiyejua. Na swali likiulizwa kwa Kiswahili, yeye hulijibu kwa Kiswahili cha nyumbani.

Tamthilia inatusaidia hapa kwa namna ambayo darasa la sheria laweza kuitumia. Macbeth anaua mara nyingi, wala si kwa namna moja. Duncan anamwua kwa mkono wake baada ya kufikiri usiku mzima. Banquo anamwua kwa mikono ya watu aliowatuma. Walinzi wawili wa mfalme anawaua asubuhi, kisha anajitetea mbele ya wakuu kwamba mapenzi yake kwa mfalme yalimpandisha ghadhabu asiweze kujizuia. Utetezi huo ndio hasa wa kifungu cha 201, nao ni wa uongo, kwa kuwa amewaua ili wasiseme. Mwanafunzi akitakiwa aeleze kila kifo kwa Kiswahili, ataona mara moja kwamba kukusudia peke yake hakutoshi, na kwamba neno analolihitaji ni dhamira.

Na dhamira ina ndugu yake, dhamiri. Yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu lenye maana ya kilichofichika ndani ya mtu. Kiswahili kimeyatenga kwa irabu moja: dhamira ni lile analoazimia mtu kabla ya tendo, dhamiri ni ile sauti inayomsuta ndani. Sheria inachunguza dhamira ya Macbeth. Tanzia inachunguza dhamiri yake. Kiingereza hakina jozi kama hiyo. Ni vema walimu wailinde, maana wanafunzi wengi huyachanganya maneno haya katika maandishi.

Kisasi

Neno la tatu lina historia inayostaajabisha. Kisasi limetoka katika neno la Kiarabu qisas, ambalo katika sheria ya Kiislamu lina maana ya malipo yanayolingana na jeraha au kifo, yasizidi. Warithi wa aliyeuawa waweza kuyadai, waweza kupokea dia badala yake, au waweza kusamehe. Yaani kisasi kilianza kama kipimo: kiliwekwa ili ukoo usiue kumi kwa mmoja. Kitenzi kinachofuatana nacho, kulipiza, ni cha Kibantu, kimetokana na kulipa. Maneno yote mawili yanazungumza juu ya deni na kiasi chake. Lakini katika matumizi ya leo tukisema kulipiza kisasi tunamaanisha mtu aliyeiacha sheria nyuma akaenda mwenyewe. Neno lililozaliwa ndani ya sheria limekuja kutaja kile ambacho sheria inakikataza.

Tamthilia zetu zinaonyesha sura zote mbili. Katika Juliasi Kaizari, umati uliochochewa na hotuba ya Antony unakutana na mshairi Cinna, ambaye kosa lake pekee ni kuitwa jina moja na mmoja wa waliomwua Caesar. Anajieleza, hawamsikilizi. Hicho si kisasi kwa maana yake ya asili, kwa sababu hakina kipimo wala anayedaiwa. Katika Makbeth, Macduff aliyeuliwa mke na watoto anamwua Macbeth katika vita, chini ya bendera ya mrithi halali, Malcolm. Hapo uchungu wa mtu mmoja na adhabu ya dola vimekutana katika upanga mmoja, na mfasiri lazima aamue ni lipi analitaja.

Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba mtuhumiwa wa wizi ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Tuyapime maneno hayo kwa haya tuliyoyasema. Waliotenda hawana majina. Hasira yao imetajwa kabla ya tendo lao. Na ukali wa hasira hiyo umekwisha kuwapa utetezi wa kughadhibishwa ambao mahakama haijausikiliza. Kumbe ni umati ule ule uliomkuta Cinna. Mwandishi anayetaka kusema kweli anayo maneno mepesi: kundi la watu limemwua mtu.

Kwa upande wa wafasiri wa vitabu vya sheria na falsafa, ile nadharia isemayo kwamba adhabu ilingane na kosa isiitwe haki ya kulipiza kisasi. Tukiiita hivyo, tunaifanya dola kuwa ndugu wa marehemu. Adhabu stahiki inatosha.

Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba maneno matatu yamekuwa na mienendo mitatu. Katika tamaa, neno moja la kigeni linalingana na maneno yetu mengi, na wingi huo ni utajiri wa kulindwa. Katika kuua, maneno mengi ya kigeni yanakutana na kitenzi kimoja, na hapo kuunda istilahi ni lazima, tena kwa uangalifu. Katika kisasi, tuna neno letu ambalo historia yake imeligeuza, na kazi ni kulifafanua.

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mambo haya si ya wataalamu wachache tena. Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Majedwali ya istilahi yaache desturi ya kuweka neno moja mkabala wa neno moja pale dhana inapokuwa na pande za wema na uovu. Yaonyeshe muktadha wa kila neno.

(b) Istilahi ya kuua kwa kukusudia, maadamu imezoeleka, iambatane daima na maelezo ya dhamira ovu. Na katika kutafsiri upya sheria, kuua kwa dhamira ovu na kuua pasipo dhamira ovu yafikiriwe kuwa majina ya makosa yenyewe.

(c) Walimu wa sekondari na vyuo wazitumie tafsiri za Mwalimu Nyerere na za S. S. Mushi kama mazoezi ya istilahi pia, si fasihi peke yake.

Litaje pia neno moja ambalo halimo katika tanzia hizo. Mwaka 1985 mfasiri wa Juliasi Kaizari aliuacha urais kwa hiari yake, na tendo hilo likaenea kwa kitenzi alichokileta kutoka lugha yake ya Kizanaki: kung'atuka. Hakuna jedwali lililomwelekeza, wala halikuwa tafsiri ya neno lolote la kigeni. Kiswahili kilihitaji kulitaja tendo la mtawala kuachia kiti akiwa hai na bila kusukumwa, nacho kikalipata neno katika lugha ya jirani. Wafasiri wanapokwama katika kutafuta istilahi, tunawaomba wazitazame lugha zetu nyingine kabla ya kuvuka bahari, na watuletee watakayoyapata ili yajadiliwe katika kurasa hizi.